Kitambaa Machoni mwa Saa

Asubuhi ya siku ya tisa niliingia chumba cha saa na soksi tu miguuni, kama sheria ilivyotaka, nikamkuta Lusekelo ameshafika na amekunja ndita.

"Arobaini na nne," akasema bila hata salamu.

"Jana zilikuwa thelathini na tisa."

"Na juzi thelathini na nne. Dada Atu, hesabu hii hata mbuzi wa shangazi yangu angeipata."

Lusekelo Mwasomola alikuwa fundi wetu wa leza, mwanamume wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Isyombe, kijiji kilichokaa chini kidogo ya kituo chetu kwenye ubavu wa mlima Ikombwe. Alikuwa amenitania kila siku tangu nilipokabidhiwa ukuu wa kituo. Asubuhi ile utani wake ulitoka mkavu.

Alichokuwa akihesabu ni nywele. Ndivyo tulivyokiita kituoni kile kiasi kidogo kabisa ambacho saa zetu ziliweza kupambanua: unywele mmoja. Tulikuwa na saa mbili chumbani mle, moja ya atomu za strontiamu na nyingine ya atomu za itebiamu. Kwa siku tisa mfululizo zote mbili zilikuwa zikichelewa, kwa pamoja, karibu nywele tano kwa siku, zikilinganishwa na saa za kituo chenzetu kule jangwani Namibia.

Nieleze mara moja, kisha nisiwasumbue tena. Mzee Einstein alisema, na kwa zaidi ya miaka mia na sabini hakuna aliyemkamata na uongo, kwamba saa iliyo karibu zaidi na kitu kizito huenda polepole. Weka saa moja juu ya kabati na nyingine chini ya kitanda, ya juu itatangulia, kwa sababu dunia iko mbali nayo kidogo. Alisema pia kwamba mvutano haubagui: ukiichelewesha saa hii utaichelewesha na ile kwa kiasi kilekile, iwe imetengenezwa kwa atomu za aina gani. Kazi yetu ilikuwa kumtega mzee huyo hapo hapo kwenye neno "kilekile". Tuliweka saa mbili za aina tofauti mahali pamoja, tukatoa namba za moja kwenye za nyingine, tukasubiri tuone kama kitabaki chochote. Vituo vinne barani Afrika vilifanya hivyo kwa miaka tisa, vikiunganishwa kwa leza kupitia kioo kilichokuwa kikizunguka angani. Hakuna aliyekuwa amewahi kupima kwa makini hivyo, si Ulaya, si kwa Wachina walioko mwezini.

Kile ambacho saa zote mbili zilifanya kwa pamoja hatukukihitaji. Tulikitupa kama maganda ya ndizi. Lakini mimi ni mtoto wa mlimani, na nilijua ganda lile lina maana gani. Saa zote mbili zikichelewa pamoja, maana yake kuna kitu kizito kimesogea karibu nazo. Na chini ya sakafu ya Kituo cha Saa Ikombwe hakuna kitu kizito kinachoweza kusogea isipokuwa mawe yaliyoyeyuka.

"Nimepiga simu ofisi ya majanga," Lusekelo akasema. "Vipima-tetemeko vyao vimetulia. Picha za setelaiti zinaonyesha ardhi haijainuka hata inchi moja. Wamenishukuru kwa uraia wangu mwema."

"Hawana saa."

"Hawana. Sisi tunazo, ila tumezifunga kitambaa."

* * *

Profesa Shemzigwa alikuwa chumbani kwake akinywa chai ya tangawizi na kusahihisha hotuba ambayo angeisoma siku ya kufungua kitambaa. Alikuwa na miaka sitini na saba, Msambaa wa Lushoto, na ndiye aliyelibuni jaribio zima.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kaa, Atuganile."

"Nimekaa miaka tisa. Leo nitasimama."

Alivua miwani. Alijua nimefuata nini, kwa sababu namba zilezile zilikuwa kwenye kioo cha kompyuta yake.

Kitambaa kilikuwa desturi yetu takatifu. Anayetamani kumwona Einstein ameanguka atamwona ameanguka, na anayempenda atamwona amesimama, hata namba zikisema vingine. Kwa hiyo tulijifumba macho wenyewe. Kati ya saa na vioo vyetu palikaa mashine iliyoongeza au kupunguza kiasi cha siri kila siku, na hakuna mwanadamu aliyekijua kiasi hicho. Siku nyingine haikuongeza kitu. Siku nyingine ilitunga mchezo mzima wa kutujaribu, na mchezo huo tuliuita uongo halali. Funguo za kitambaa zilikuwa tatu: yangu, ya Profesa, na ya Dokta Ndapewa Haimbodi wa Namibia. Mbili kati ya hizo zilitosha kukifungua.

"Saa ya wale wenzetu wa kisiwani," Profesa akasema, "ilichelewa nywele ngapi kabla volkano yao haijapasuka?"

"Mia na ishirini."

"Wewe una arobaini na nne. Kwa nywele tano kwa siku, utafika lini?"

"Baada ya siku kumi na tano."

"Na kitambaa kinafunguliwa lini kwa utaratibu?"

"Baada ya siku kumi na mbili."

"Basi unagombana na nini? Hata kama ni mlima, tutafungua ukiwa bado na siku tatu mkononi."

Alinibana, na alinibana vizuri, maana alikuwa mwalimu wangu tangu chuo na alijua ninavyofikiri. Lakini kulikuwa na shimo kwenye hesabu yake, na nilichukia kwamba alijifanya halioni.

"Nani amekuambia ni tano?" nikamuuliza. "Hiyo tano imepita kwenye kitambaa. Inaweza kuwa sifuri. Inaweza kuwa kumi na tano. Tumekaa juu ya mlima tunausoma kwa namba ambayo tumeiharibu wenyewe kwa makusudi."

"Inaweza kuwa uongo halali, kama mwaka ule. Au umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Miaka sita iliyopita niliona mwendo kama huu, nikapiga kelele, na serikali ikawahamisha Isyombe yote katikati ya masika. Walilala siku nane kwenye madarasa. Viazi vyao vilioza shambani. Mzee Mwakilembe alifariki kwa homa ya mapafu, na mtoto mmoja alizaliwa ndani ya lori, wakampa jina la Labda, kwa sababu ndilo neno nililokuwa nikiwajibu kila waliponiuliza kama mlima utapasuka. Kamati inayosimamia vituo vyote vinne ikafungua kitambaa na kukuta ni uongo halali, kazi ya mashine. Data za mwaka mzima zikatupwa, na ikapitishwa sheria kwamba kitambaa kikifunguliwa tena kabla ya siku yake, jaribio lote limekufa.

"Kioo cha angani kinaanguka mwezi huu," Profesa akasema, na sauti yake ikashuka. "Hakuna kingine kitakachorushwa maishani mwangu. Mke wangu alizikwa Lushoto mimi nikiwa hapa nabadilisha lenzi. Sikwenda. Nilijiambia ipo siku nitaweka jibu mezani, na atanisamehe. Siku kumi na mbili, Atuganile. Sikuombi zaidi."

Niliumia, na sitasema sikuumia. Ila nilimwambia, "Profesa, mimi nitawaomba watu elfu nne wafe kwa ajili ya msamaha wa mkeo?"

Akarudisha miwani usoni. "Ufunguo wangu hautoki," akasema, na akaendelea kusahihisha hotuba.

* * *

Nilishuka Isyombe kwa miguu. Nilidhani naweza kuwaonya bila kufungua kitu, kila upande ukabaki na chake. Wazo la mtu mwoga, na nilipata stahili yake.

Mama Syabumi, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa ghalani na wanawake wenzake wakichambua viazi vya mbegu. Mmoja aliniona mlangoni akasema, "Mama Labda kafika," na ghala zima likacheka. Mama Syabumi hakucheka. Aliniletea kigoda, akanipa ndizi ya kuchoma, akasubiri nimalize kumeza.

"Saa zinachelewa tena," nikamwambia. "Nywele arobaini na nne. Nadhani kuna kitu kinapanda chini ya mlima. Ningewashauri muanze kuondoka."

"Umefungua kile kitambaa chenu?"

"Bado. Nikifungua, kazi ya miaka tisa inakufa."

"Kwa hiyo hujui."

"Nadhani."

Aliweka kiazi chini. "Sikiliza, Atuganile. Baba yako nilimfahamu, na wewe nimekuona ukikua. Sikatai sayansi yako. Mwanangu ameisoma, na mimi mwenyewe najua saa ya juu inatangulia saa ya chini, ulitufundisha pale shuleni tukakuelewa. Ninachokataa ni kuendeshwa na mtu aliyejifumba macho kwa hiari yake. Mwaka ule tuliinuka na wagonjwa wetu kwa sababu ulisema labda. Wewe ulikuwa na njia ya kujua, ukaja kwetu kwanza, tukakubebea mzigo wa kutojua kwako."

"Mama, wakati huo sheria..."

"Sheria ya nani? Niliipigia kura mimi?"

Wanawake walikuwa wameacha kuchambua viazi.

"Rudi juu," akasema. "Fungua. Ukikuta ni uongo, usirudi hapa, na hatutakusema. Ukikuta ni kweli, njoo na namba, na utaniona ninavyokimbia. Lakini usituletee tena nusu ya neno."

Nilipanda mlima kwa hasira, na hasira haikuwa kwake. Njia nzima nilijitukana. Tulijisifu miaka yote kwamba kitambaa ni unyenyekevu, kwamba ni wanasayansi wa kweli tu ndio wanaothubutu kutojua. Na kweli, ni jambo zuri mtu kujifumba macho akiwa peke yake chumbani. Sisi tulijifumba tukiwa tumeshika usukani, na watu nyuma.

* * *

Ilikuwa inakaribia saa tano asubuhi nilipompata Dokta Ndapewa kwenye kioo. Nyuma yake jangwa lilikuwa jeupe kwa jua. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka tisa na kuonana ana kwa ana mara mbili tu. Lusekelo alisimama pembeni yangu na soksi zake zilizotoboka.

"Nataka ufunguo wako," nikasema.

Kiswahili cha Dokta Ndapewa kilikuwa cha shule, cha taratibu, kila neno limepigwa pasi. "Saa zangu hazijasimama hata siku moja, Atuganile. Nina wanafunzi saba ambao shahada zao ziko ndani ya kitambaa hicho. Unaniomba niziue kwa sababu ya mlima ambao sijawahi kuuona."

"Ndiyo."

"Na kama ni uongo halali?"

"Nitakuwa nimekosea macho yakiwa wazi. Mara ya kwanza nilikosea nikiwa nimefumba, na mtu akafa."

"Profesa amesema nini?"

"Amekataa."

"Hapo chini kuna watu wangapi?"

"Elfu nne na mia moja."

Aligeuza uso akatazama kitu nje ya kioo, labda mmoja wa wanafunzi hao. Kisha akaanza kusoma tarakimu za ufunguo wake, kumi na sita, moja moja, na Lusekelo akaziandika. Alipomaliza alisema, "Mungu akusaidie, na mimi pia," akakata.

Nilikuwa nimeshaingiza ufunguo wangu mlango ulipofunguka. Profesa Shemzigwa aliingia na viatu vyake, vumbi na yote, kwenye chumba ambacho alikuwa amewafukuza watu kazi kwa kuingia hivyo.

"Usifanye," akasema. "Atuganile, mwanangu. Nakusihi."

"Samahani, Profesa," nikasema, nikabonyeza.

Kitambaa hakitoi mlio kikifunguka. Kioo kilizimika sekunde mbili, kikarudi na safu mpya. Safu ya kwanza ilionyesha tulichokuwa tukikiona, ya pili kile mashine ilichokuwa ikiongeza, ya tatu ukweli.

Lusekelo ndiye aliyesoma. "Uongo ulikuwepo," akasema.

Nilimwona Mzee Mwakilembe, nikaona viazi vinaoza, nikaona wanafunzi saba wa Namibia. Profesa alifumba macho.

"Ngoja," Lusekelo akasema. "Ngojeni kwanza. Mashine haikuwa ikizichelewesha. Ilikuwa ikizisukuma mbele. Nywele saba kila siku."

Ilinichukua muda kuelewa, ijapokuwa ni kujumlisha kwa darasa la pili. Saa zilikuwa zimechelewa sana, na uongo wetu ulikuwa ukizivuta mbele ili zionekane zimechelewa kidogo. Haikuwa tano kwa siku. Ilikuwa kumi na mbili. Siku tisa za nywele saba ni sitini na tatu, ziweke juu ya arobaini na nne.

"Mia na saba," nikasema.

"Na kumi na mbili za kesho," Lusekelo akasema, "mia na kumi na tisa."

Profesa aliketi sakafuni, palepale kwenye vumbi lake. Siku tatu alizoniahidi kuwa zingebaki mkononi hazikuwahi kuwepo.

Chini ya kioo kulikuwa na mstari mwingine, ule tulioufanyia kazi miaka tisa: tofauti kati ya saa ya strontiamu na saa ya itebiamu, jibu la Einstein. Sikuusoma. Nilikuwa nimeshatoka nje nikitafuta viatu vyangu.

* * *

"Umefungua?" Mama Syabumi aliuliza aliponiona nateremka mbio.

"Nimefungua."

"Namba."

"Mia na saba. Mwisho ni mia na ishirini. Kila siku zinaongezeka kumi na mbili."

Hakuuliza la pili. Alitoka ghalani akaenda kanisani akapiga kengele mwenyewe, na kila aliyekuja kuuliza alimpa namba zile tatu, naye akazipeleka nyumba ya pili. Hakuna aliyesema labda siku ile. Nilimsikia kijana wa bodaboda akimpigia hesabu bibi yake kwa vidole, na bibi akafunga mzigo kabla vidole havijaisha.

Malori manne ya chai yalikuja kutoka mashamba ya bonde la chini. Sisi tulileta mawili ya kituo. Wenye miguu walitembea. Profesa Shemzigwa alishuka na gari dogo la kituo, tai ingali shingoni, akapakia akina mama wajawazito bila kumsemesha mtu. Alifanya safari tisa, na kila aliponipita alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemwibia kweli.

Shida ilikuwa Kitongoji cha Juu. Kule waliishi wazee waliokataa kushuka tangu barabara mpya ilipojengwa, na njia yao ilipitisha gari moja tu kwa wakati mmoja. Lusekelo alichukua lori letu dogo akaifanya njia ile yake. Alipanda na kushuka, akaleta wazee sita, akarudi, akaleta wengine saba na mbuzi wa shangazi yake, akasema mbuzi huyo ana elimu na hawezi kuachwa. Kesho yake saa saba na nusu mchana nilitazama namba za kituo kwenye simu, nikamwambia, "Imetosha, Lusekelo. Saa zimefika mia na kumi na tisa."

"Wamebaki kumi."

"Najua waliobaki."

"Basi unajua kwamba mmoja ni mama aliyenifundisha kusoma," akasema, na akapandisha gia.

Mlima Ikombwe ulipasuka saa nane na dakika kumi. Haukupasukia kileleni. Ulipasukia ubavuni, juu ya Kitongoji cha Juu. Sisi wa barabara kuu tuliusikia kwanza kwa miguu, halafu anga likawa la kijivu na majivu yakaanza kushuka, ya moto, yakinuka kiberiti. Tulikuwa mjini Tukuyu kabla ya giza. Mama Syabumi alihesabu watu wake mara tatu uwanjani. Walikuwa wote isipokuwa wale kumi na Lusekelo.

Nililia mbele za watu, na sikujificha.

* * *

Kamati iliniita baada ya wiki tatu, katika darasa moja la shule ambako watu wa Isyombe walikuwa bado wanalala. Walisukuma magodoro ukutani wakaweka meza. Mwenyekiti wa kamati, Dokta Rwegoshora, alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwapa wagonjwa habari mbaya. Profesa Shemzigwa aliketi upande wangu wa meza. Hakuna aliyemwambia akae hapo.

"Sifuri," alininong'oneza wakati wanapanga karatasi.

"Nini?"

"Tofauti ya saa mbili. Nimeusoma ule mstari. Sifuri mpaka tarakimu ya mwisho. Wakati mawe yale yanapanda chini yetu, saa zote mbili zilichelewa kiasi kilekile. Einstein amesimama, Atuganile. Hajawahi kujaribiwa vikali kama siku zile tisa, na amesimama." Alicheka kidogo kwa pua. "Na hakuna jarida duniani litakaloichapa, kwa sababu tulichungulia."

"Utanisamehe?"

"Bado," akasema. "Lakini nimeketi hapa."

Dokta Rwegoshora alisoma uamuzi. Kamati ilinipongeza kwa maisha yaliyookolewa. Kamati ilitambua pia kwamba kitambaa kilifunguliwa kinyume cha sheria, na kwa hiyo data zote za vituo vinne ni batili na zitafutwa. Hata hivyo mfadhili mmoja alikuwa tayari kurusha kioo kipya baada ya miaka saba, na kamati ilitaka mimi niongoze kituo kipya, kwa kuwa hakuna aliyezijua saa zile kuliko mimi. Palikuwa na sharti dogo tu. Wafadhili walihitaji kuhakikishiwa kwamba sheria ya kitambaa itaheshimiwa.

Alinisogezea karatasi. Ilikuwa imeshachapwa, imebaki mstari mmoja wa kujaza na mahali pa saini. Mstari ulianza na neno: *Ninajutia.*

"Andika kwa maneno yako," akasema kwa upole. "Kwamba unajutia kufungua kabla ya wakati. Sentensi moja inatosha. Sisi tunaelewa mazingira yalivyokuwa."

"Na nisipoandika?"

"Tutampata mwingine. Hatakuwa hodari kama wewe."

Dirishani niliwaona wanawake wa Isyombe wakipanga foleni ya uji, na Mama Syabumi akiwagawia. Nilizitaka zile saa. Sitamdanganya mtu. Nina miaka hamsini na nne, na hakuna kitu kingine ninachojua kukifanya vizuri, na kile kituo kipya nilikiona mbele yangu chumba kwa chumba.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata Profesa. Siku ya tatu, nywele zikiwa kumi na nne tu kwenye kioo, Lusekelo alizima leza, akafunga mlango, akaniambia tufungue. Hakuwa anatania. Alisema ameota vibaya, na kwamba namba zile anazisikia tumboni. Nikamcheka. Nikamwambia sheria ni sheria, kwamba mkuu wa kituo aliyewahi kuaibika mara moja hafungui kitambaa kwa sababu ya ndoto ya fundi. Akasema sawa, dada, akawasha leza. Kwa siku sita zilizofuata alinisomea namba kila asubuhi na hakunikumbusha hata mara moja. Siku sita zingetosha kuwashusha wazee wote wa Kitongoji cha Juu mmoja mmoja, na vitanda vyao, kwa lori moja, bila haraka.

Nikachukua kalamu. Baada ya neno *Ninajutia* nikaandika: *kwamba nilifungua siku ya tisa badala ya siku ya tatu nilipoambiwa. Nikipewa saa hizo tena, zikiwa na watu chini yake, nitafungua siku ya kwanza.* Nikatia saini na tarehe, nikamrudishia.

Dokta Rwegoshora aliisoma mara mbili. Aliniuliza, kwa upole uleule, kama ningependa karatasi nyingine safi.

Nikamwambia hapana, hiyo inatosha.